Alama Nyuma ya Jiko

Nkende, Tarime
3 Agosti 2025

Mama Agustina,

Shikamoo. Hamjambo wewe na Baba Mwikwabe? Yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea amepona? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananilaumu. Asante kwa kunilaza siku mbili na kunishibisha maziwa mgando.

Mtandao haushiki kwenu, kwa hiyo barua hii namkabidhi Heche wa bodaboda aje nayo siku ya gulio. Njia ya ziara ya wanafunzi nimeipata: vituo saba, kuanzia itale, lile jiwe gumu la chini, hadi mawe ya volkano yaliyotandaza uwanda wenu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanakariri miamba ubaoni kama majina ya wafalme wa Biblia. Nusu yao wana ndugu kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo. Ukiwatajia jiwe, wanauliza lina gramu ngapi. Mkuu wa shule amenipa hadi tarehe 12 Septemba, la sivyo basi la ziara litaenda mbugani kutazama twiga. Haliendi kwa twiga mimi nikiwepo! Kila kituo nimeshakipiga alama, kilichobaki ni ninyi kutukaribisha.

Binti yako,
Mwalimu Stefania


Huku juu
10 Agosti 2025

Mwalimu,

Salamu zako zimefika. Hali yetu si nzuri, na sababu ni wewe.

Ulikula kwangu, ukalala kwangu, kumbe asubuhi unaondoka ukapiga X nyekundu kwenye mwamba nyuma ya jiko langu. X naijua. Kule tulikokaa kwanza nyumba yetu ilipigwa X ipishe barabara, na tingatinga halikusubiri nitoe hata vyungu. Safari hii Mwikwabe hakungoja. Alhamisi ameezua mabati yote ayaokoe, tunalala chini ya turubai na baridi hii. Majirani wameanza kuuza mbuzi. Wanasema umetumwa kupima dhahabu, na mimi ndiye niliyekupikia.

Usirudi hapa, wewe wala hao wanafunzi wako.

Agustina


Nkende
12 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii. Barua yako niliisoma darasani, nikashindwa kuendelea na kipindi. Hakuna aliyenituma, na hakuna anayehamishwa. X ile ilikuwa ya kuwaonyesha wanafunzi wasimame wapi, basi. Ndivyo ninavyoipiga kwenye ramani ubaoni, nikaileta kwenye mawe yenu bila kufikiri wala kuuliza, mwalimu mzima mwenye shahada. Aibu yangu sijui niifiche wapi.

Jumamosi nakuja na thina ya kuyeyusha rangi na brashi ya waya. Nitazifuta zote saba, na kosa langu nitalisema mbele ya kila atakayefika. Mkitaka kunifukuza nifukuzeni, ila baada ya ile ya saba.

Binti yako, ukikubali,
Stefania


Huku juu
17 Agosti 2025

Mwalimu,

Ulifika salama? Heche anasema pikipiki iliwaangusha mtoni.

Jana nilikutukana mbele ya watu wote, nikakuita mwizi aliyekula chumvi yangu. Wewe ukaendelea kusugua mpaka vidole vikatoka damu. Maneno yako nimeyaamini, na majirani wameacha kuuza mbuzi. Lakini Mwikwabe hataki kusikia jina lako. Ana miaka sitini na nane, bega bovu, na mabati thelathini yako chini. Bati halipandi kwa samahani, Mwalimu.

Agustina


Nkende
20 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Mtoni tuliloa tu, na vidole vinapona. Kuhusu bati umesema kweli.

Jumamosi nakuja na fundi Ryoba na wanafunzi thelathini na wawili. Niliwaeleza nilichowafanyia, bila kujitetea, wakaniuliza tunaondoka saa ngapi. Basi la shule tumenyimwa, tutapanda kwa miguu kutoka barabara inapoishia. Nimewakataza kugusa hata kokoto. Siku hiyo kazi ni paa. Baba asipotaka kututazama, sawa, tutagonga misumari hivyo hivyo.

Binti yako,
Stefania


Huku juu
24 Agosti 2025

Mwanangu Stefania,

Umeamkaje? Na yule mwanafunzi aliyejigonga kidole, daktari amesemaje? Sisi tumelala chini ya bati letu, tumeamka wakavu.

Ulipowahi kuondoka naye kwenda hospitali, kuna jambo hukuliona. Ryoba akiwa anamalizia paa, Mwikwabe alitoka kwenye turubai, akamwita Gift, yule binti mrefu, akampeleka nyuma ya jiko. "Jiwe hili nimelikalia miaka tisa," akamwambia. "Linaitwaje?" Gift akajibu kwamba mwalimu amekataza. "Mwalimu wako hapa ni mgeni, mwenyewe ni mimi. Sema!" Basi wanafunzi wote wakamzunguka, wakamweleza jinsi lilivyokuwa uji wa moto uliotoka ardhini ukaganda. Aliwauliza mpaka wakachoka. Leo baada ya ibada alikuwa anawafundisha wazee wenzake. Anakosea majina, hajali.

Amesema basi lije kabla ya hiyo tarehe 12. Nami naongeza langu. Nilikutukana mbele ya watu. Nitakupokea mbele ya watu walewale, na wanisikie nikikuita mwanangu.

Mama yako,
Agustina