Koti Nyuma ya Mbayuwayu

14 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti vipi, yanakubali kukanyaga cherehani au bado yamegoma? Mimi mzima, ila pua imekuwa bomba linalovuja.

Kisiwa hiki hakina mti hata mmoja; ni mawe, nyasi na upepo. Baridi inaanza, na ndege wanaokimbilia nchi za joto wanatua hapa kupumzika. Nalala kifudifudi kwenye kibanda cha mbao, jicho kwenye kamera, nawasubiri. Juzi mbayuwayu walishuka kwa pamoja mpaka waya wa uzio ukalegea. Wamechoka kiasi kwamba ukiwakaribia hawaruki, wanakutazama tu kama abiria walioachwa na gari. Nililia, Mama. Usinicheke.

Watu ni wachache: mimi, mtafiti anayeongea na ndege zaidi kuliko anavyoongea na watu, na mpima hali ya hewa anayeishi upande wa pili, ambaye bado hatujasalimiana naye. Posta yetu ni boti ya mahitaji. Nakutumia picha ya hao mbayuwayu, nimeichapisha hapa kituoni. Ibandike karibu na cherehani.

Mwanao,
Kitindamimba

29 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Ya magoti tuyaache. Kaa chini kwanza.

Picha yako nimeitazama kwa miwani na bila miwani, kisha nikaenda kwa jirani fundi saa, anitazamie kwa kioo chake. Nyuma ya ndege, mbali kidogo na uzio, kuna mtu ametupa mgongo. Umemwona? Amevaa koti la kijivu lenye mkono mmoja wa kahawia. Koti lile nimelishona mimi. Kitambaa kilinipungukia, nikakata mkono wa kushoto kwenye blanketi la baba yako. Wewe ulikuwa chuoni, hukuliona. Kaka yako alicheka, akasema atalivaa hivyo hivyo mabaharia wenzake wamwonee wivu. Aliondoka nalo safari ile ile meli ilipoungua.

Mwili hatukuletewa, unajua. Ofisi ya meli ilisema tu kwamba moto ulimkuta usingizini, hakusikia kitu. Tangu hapo nimeliegemea neno hilo kama mkongojo. Leo nashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Nenda kwa huyo mtu. Kama ni yeye, mwambie simgombezi kwa lolote.

Mama yako

8 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Si yeye. Naanza na hilo usije ukasoma mbio mbio ukimtafuta.

Barua yako niliisoma gatini. Nikaacha mizigo yangu pale pale, nikakimbia mpaka kwa mpima hali ya hewa. Alifungua mlango akiwa amelivaa. Niliushika ule mkono wa kahawia. Nikauliza, "Hili koti ni la nani?"

Akanitazama usoni. "Wewe ni wa kwao Fundi," akasema, kisha akakaa kizingitini. Fundi ndilo jina walilompa Kaka melini.

Walikuwa meli moja. Siku ile huyu bwana alitoka chumba cha mitambo kifua wazi, anatetemeka. Kaka alikuwa ameshaingia kwenye mashua ya kuokolea, Mama. Alikuwa ameshakaa. Akavua koti, akamvika. Mara wakasikia mpishi anagonga mlango huko chini. Kaka akasimama. "Nitunzie," akasema, "narudi sasa hivi."

Ofisi ilikataa kumpa anwani yetu. Ya kwamba alikuwa usingizini, anasema ndiyo kwanza anaisikia kwangu.

Sikujua nikwambie au ninyamaze. Ndege wamejaa nje na sijagusa kamera. Koti amelivua, amelikunja, amenikabidhi nikuletee.

Mwanao

27 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Boti imekuja mara mbili bila neno lako. Unakula? Nani analala nawe hapo? Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Mwanao

10 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Nakula kwa sababu shangazi yako ananisimamia kama askari.

Nilikukasirikia, sikufichi. Nilikuwa na mtoto aliyelala. Ukanipokonya, ukanipa aliyekuwa macho, aliyeshuka kwenye moto kwa miguu yake. Siku za kwanza nilikuwa nagonga meza nikimwita mjinga: ungekaa! Ulishakaa, si ungebaki umekaa! Shangazi yako alidhani akili imenitoka, akaficha mikasi.

Halafu jana, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja, likaniingia: huyo mpishi alimsikia akija. Hata kama hawakutoka, alisikia mtu anashuka kumfuata. Niliacha pasi juu ya suruali. Imeungua. Mteja ananidai suruali, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nalia, nasema huyo ni wangu, huyo ni wangu.

Sasa nisikilize. Rudisha hilo koti kwa mwenyewe. Kwenye kisiwa cha mawe na upepo unamvulishaje mtu koti, mwanangu, nimekulea hivyo? Ndege wakiisha uje naye. Nitamtandikia kitanda cha kaka yako. Anieleze mwenyewe, tangu mwanzo, bila kunipunguzia neno. Na asilivue njiani. Mimi koti tupu sina kazi nalo. Nataka kuliona lina mtu ndani.

Mama yenu