Zamu isiyotoka

Mwenzangu, leo mjomba kanivua nguo hadharani! Nimejificha nyuma ya ukuta, sijui nicheke au nilie.

Si unamjua na chama chake cha wafanyakazi? Enzi zake mgombea alisimama kwenye geti la kiwanda zamu ikitoka, watu wakamwagika, kura zikawa kibindoni. Basi leo kamleta mgombea palepale! King'ora hakuna, zamu hakuna. Kiwanda siku hizi ni ghala la vifurushi, ndani mna mashine na mlinzi mmoja anayesinzia.

Mjomba kashika kipaza sauti: "Wafanyakazi wenzangu!" Wenzangu nani? Lile geti?!

Waliotokea ni waendesha pikipiki wa kusambaza vifurushi, kila mmoja na koti la wapinzani. Wapinzani angalau waliwajengea kibanda cha kujikinga mvua. Na aliye mbele ni nani? Binti yake mjomba!

Mgombea akamuuliza, "Mwanangu, zamu yenu inatoka saa ngapi?"

"Sisi hatutoki, mheshimiwa. Ukiamka simu haikupi kazi, ujue ushafukuzwa."

ZAMU INATOKA SAA NGAPI! Chama kizima, hakuna hata mmoja aliyejua kuwa zamu zilishakufa! Sikio la kufa lile.

Mheshimiwa akajitia kupokea simu, akaingia garini, huyoo. Mjomba kaachwa na bendera yake.

Na unajua karudije nyumbani? Kapakiwa na binti yake. Bendera kaikalia, na kwa mikono yote miwili kaling'ang'ania koti la wapinzani asianguke.