Uzi wa Sentimita Kumi na Tisa na Nusu

S.L.P. 212,
Nyumbani.
14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi huku wazima. Magoti ya mama yanalalamika asubuhi, lakini jua likipanda anatembea kunishinda mimi.

Cherehani yake bado iko pale dirishani. Siku hizi anapokea suruali za kupinda tu, na mteja akimharakisha anarudishiwa suruali yake.

Sasa kisa kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi mama alikuwa akipinda suruali ya jirani yetu mwalimu, akamuuliza ghafla: kutoka hapa hadi mjini kwako ni umbali gani kwa ndege? Mwalimu akapiga mstari kwa rula kwenye ramani ya kitabu, kisha akaufuta mwenyewe. Alisema ramani imelazwa, dunia haijalala. Akaenda kwake kuleta tufe la dunia.

Mama akatoa uzi mweusi. Yeye akaushika kwenye mji wetu, mwalimu kwenye mji wako, wakauvuta ukakaza. Ajabu, uzi haukupita ulikopita mstari. Ulipanda juu, ukakata jangwa na milima. Nilidhani wamekosea, nikataka kuusogeza. Mama akanipiga mkononi. Akaniuliza, miaka yote hii ninashona naye, bado sijajua kwamba kitambaa mezani ni kimoja, na kitambaa kwenye tumbo la mtu ni kingine?

Wakazungusha uzi mwingine kwenye kiuno cha tufe: sentimita mia moja. Dunia ni kama kilomita elfu arobaini kuizunguka, basi kila sentimita ni kilomita mia nne. Uzi wa kwako ulikuwa sentimita kumi na tisa na nusu. Kilomita elfu saba na mia nane! Mwalimu alisema ndege ikinyoosha bila kutua ni masaa tisa hivi, ingawa huenda msafiri akabadilisha ndege njiani.

Mama akauzungusha uzi kidoleni. Nilidhani umbali umemtisha. Kisha akasema, "Basi la kwenda kwa baba yenu mkubwa huchukua masaa kumi na moja. Na mimi huenda kila mwaka."

Mwalimu, mtu mwenye akili zake, akaaga na suruali yenye mguu mmoja uliopindwa.

"Miaka saba mdogo wako ananiambia ni mbali," mama akaniambia. "Muulize, mbali ni nini?"

Basi nakuuliza. Najua hukuja kumzika baba, na najua aibu ni mzigo. Hapa hakuna mwenye kinyongo. Mimi nilikuwa nacho, kimeisha.

Baba mkubwa anakusalimu. Msalimie wifi, na umbusu binti yako, ambaye bibi yake anamjua kwa sauti ya simu tu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Kama huwezi kuja, sema, mama atakuja yeye. Jana alipigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha alimwomba mara tatu asitabasamu, mama akashindwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza.