Anwani ya Sasa Haijulikani

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, Eldoret nzima ni matope, na mimi nimetoka kazini nikiwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hautaiondoa.

Kazi yangu katika maktaba ya chuo ni kujaza metadata, yaani zile taarifa fupi zinazoandamana na makala za utafiti: nani aliandika, alikuwa akifanya kazi wapi, maneno muhimu ni yapi, nani baadaye alitaja makala hiyo. Nikiri hapa. Nimekuwa nikiifanya kazi hii kwa uvivu. Vile vijinoti vya chini kuhusu anwani za waandishi naviruka. Nilijiambia hakuna anayevisoma.

Saa nne hivi aliingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, koti limelowa. Aliniambia anaitwa Wambui, na kwamba zamani alikuwa akifundisha kilimo hapa mjini.

"Natafuta makala niliandika mimi mwenyewe," alisema. "Nyumba yangu ilichomwa baada ya ule uchaguzi wa 2007, watu wa kabila langu walipofukuzwa huku, nikakimbilia Nakuru, na vitabu vyote vikaenda. Hata kichwa chake nimesahau. Nataka tu wajukuu wangu waione."

Nilitafuta jina lake. Hakuna kitu. Nikamuuliza utafiti ulifanyiwa wapi. Ainabkoi, akasema, kuhusu ugonjwa wa kunyauka kwa viazi. Nikaacha jina, nikatafuta kwa mahali na ugonjwa.

Makala ikatokea. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kwanza tu, tena moja imekosewa. La pili lilikuwa la mwenzake, Kiptoo.

Mama Wambui aliligusa jina lake kwenye skrini. La Kiptoo hakuligusa.

Nikamwonyesha kwamba tunaweza kuona pia makala zilizoitaja ile yake. Ya kwanza kwenye orodha ilitoka miaka mitatu baada ya yeye kukimbilia Nakuru. Waandishi, kwa herufi zile zile zilizokosewa: Wambui, kisha Kiptoo.

"Hii mimi sikuandika," alisema.

Nikafungua rekodi. Chini kabisa, kando ya jina lake, kulikuwa na kinoti, cha aina ile ile ninayoiruka kila siku: *Anwani ya sasa ya mwandishi wa kwanza haijulikani. Yeyote amjuaye awasiliane na mwandishi wa pili.*

Akaniambia jambo ambalo nadhani hajawahi kulitamka. Wiki ile ya vurugu alikuwa amerudi kwake Ainabkoi kisirisiri kuchukua vyeti, na aliyejua ni Kiptoo peke yake. Jioni hiyo vijana wakaja moja kwa moja hadi mlangoni. Yeye Wambui alitokea mlango wa nyuma, akapita kwenye mahindi. Daftari zake za utafiti zilibaki kwa Kiptoo.

"Miaka yote hii najua ni yeye aliwatuma."

Nilimuuliza kama nimtafute Kiptoo. Aliitikia kwa kichwa.

Anwani ya barua pepe kwenye makala hiyo ilikuwa imekufa. Nikafuata jina la Kiptoo hadi makala yake ya karibuni, nikapata nyingine, nikamwandikia kwa niaba ya maktaba. Kabla ya chakula cha mchana alijibu kwa namba ya simu na maneno mawili: apige sasa.

Nilitaka kutoka nje. Mama alinishika mkono, akapiga, akaweka simu kwa spika.

"Wambui? Ni wewe kweli? Nilikutafuta kwa kambi zote za wakimbizi huko Nakuru."

"Kiptoo, ile siku ulikuwa wapi?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Ndugu zangu walinifungia kwa stoo. Walijua nikitoka nitakuja kwako. Nilimwambia kaka yangu uko nyumbani, nikidhani atakusaidia kutoka, naye akawaambia wale vijana. Ni mimi nilisema, Wambui. Lakini sikusema kwa ubaya."

Mama Wambui alilia bila kuficha uso. Baadaye sana akauliza, "Na jina langu uliliweka la kwanza kwa nini?"

"Kazi ilikuwa yako."

Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimwambia atakwenda kwake Ainabkoi Jumamosi.

Alipokata simu aliniomba nimsindikize, kwa sababu hajakanyaga Ainabkoi tangu siku hiyo na anaogopa. Nilikubali kabla hata ya kufikiria.

Sasa nafikiria.

Mimi ni mtu wa huku, wa kabila moja na Kiptoo. Wakati ule nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka baba akitoka na wanaume wengine, nakumbuka mama akituambia tusiulize. Hatukuuliza. Baba bado yuko hai, nampenda, na kila Jumapili nakunywa naye chai.

Jumamosi nitakwenda na Mama Wambui. Jumapili nitamuuliza baba alikuwa wapi.

Je, akinijibu, nitaweza kubaki pale mezani?