Mwili Wangu Haukujua Kwamba Tumetoka Hospitali

Shikamoo, Mama.

Umepata mjukuu wa kike. Tumemwita Tumaini. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba Festo, mume wangu, alipompakata mara ya kwanza aliogopa hata kupumua. Ungekuwa bado kule nyumbani Namtumbo, ningekupigia simu siku ileile. Kwa kuwa hupo, nakuandikia kutoka hapa mjini, mtaa wa Lizaboni, yeye akiwa amelala kando yangu.

Siku hizi naikumbuka sana ile siku bani letu la kukaushia tumbaku liliposhika moto. Nilikuwa bado shule ya msingi. Mjomba Kasiani alikuwa ndani akipanga majani. Baba alikimbilia ndoo, majirani wakapiga kelele, wewe ukajifunika kanga iliyolowa, ukaingia kwenye moshi na kutoka ukimburuta mdogo wako kwa makwapa. Hukulia. Ulimmwagia maji, ukamtuma mtu akatafute pikipiki, kisha ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kafunge mbuzi, halafu ulete shuka la mjomba wako." Nikadhani mama yangu hana hofu.

Kesho yake mjomba alikuwa ameshafungwa bandeji, hali yake nzuri. Wewe ulikuwa uani unapepeta mahindi. Ghafla ungo ukakuponyoka. Mikono ikatetemeka, magoti yakafuata, meno yakagongana kama ya mtu mwenye malaria. Baba akataka kukimbilia dawa.

"Siumwi," ulimwambia. "Jana sikupata nafasi ya kuogopa. Kaa hapa na mimi."

Akakaa. Akakushika mgongo, ukalia mpaka ukachoka. Jioni ulikuwa unamcheka mjomba, maana nyusi zake zote ziliungua.

Sikuelewa wakati ule. Nimeelewa mwaka huu.

Hospitalini walinifundisha kumweka Tumaini kifuani, ngozi kwa ngozi, nikamfunga kwa kitenge. Akilia, nilisikia moyo wake unavyokwenda mbio. Akishapata joto langu, nao unatulia. Mama, nilikuwa imara. Nilikamua maziwa, nikamnywesha kwa kikombe kidogo, nikawatia moyo wenzangu wodini. Siku moja aliacha kupumua. Muuguzi akamsugua mgongo haraka haraka mpaka pumzi ikarudi. Nikasema asante, nikaendelea kukamua. Wote walinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Tuliporudi nyumbani ndipo nilipoharibika. Bodaboda ikipita kwa kishindo, moyo unataka kuchomoka. Chakula hakipiti. Naamka taya zinauma kwa kusaga meno, mkono wangu uko puani mwa mtoto kupima kama anapumua. Majirani wakaniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru, na bado nilitetemeka. Nikaanza kujiona mjinga: mtoto amepona, mimi nalilia nini?

Festo ndiye aliyenipeleka kwa daktari, mama mmoja mtaratibu. Nikamwambia, "Daktari, nimegeuka mwoga."

"Hujageuka mwoga," alisema. "Mtu akiwa hatarini, mwili humwaga homoni za kumwezesha kupambana au kukimbia. Moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, njaa na usingizi vinasubiri. Ndizo zilizokusimamisha kule wodini. Hatari ikipita zinatakiwa zishuke, lakini wewe ulikaa kwenye hofu muda mrefu, kwa hiyo mwili bado uko zamu."

"Sasa niuambie nini?"

"Mwili hauambiwi kwa maneno tu. Lala mtoto akilala. Tembea. Vuta pumzi, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Na usikae na jambo hili peke yako. Ukiona unazidi kulemewa, rudi, tutasaidiana."

Njiani nilimsimulia Festo habari za bani, nawe na Baba pale uani. Tulipofika nyumbani alivuta kigoda, akakaa nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni pangu. Nilikulilia wewe pia siku hiyo, Mama. Msiba wako nao nilikuwa nimeupitia nikiwa imara.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Kuna siku nzuri, na kuna siku naogopa hata mtoto akipiga chafya. Ila siku hizi mikono ikianza kutetemeka siifichi tena chini ya kitenge.

Jana nilikuwa kliniki. Walipotaja uzito wa Tumaini, kwamba umeongezeka vizuri, nikakaa kwenye benchi nikaangua kilio mbele za watu. Mama mmoja mwenye hijabu, aliyeniambia baadaye kwamba ni mtu wa Nakapanya aliyehamia mtaa wa Ruhuwiko, akasogea karibu.

"Nipe mtoto," alisema. "Wewe lia tu, mwenzangu. Alhamdulillah, huyu yuko salama kwangu."

Nikampa. Mtoto ambaye hata mawifi zangu nilikuwa nawanyima, nilimkabidhi mtu nisiyemjua jina, na mwili wangu haukupinga. Nikalia, nikapenga kamasi, nikapiga miayo mirefu. Nilipoinua kichwa, Tumaini alikuwa amemshika yule mama kidole, anamtazama. Nami nikagundua kwamba nina njaa.

Pumzika, Mama. Mimi nakwenda kupika.

Mwanao,
mama yake Tumaini