Maji Niliyommwagia Hafidhi

Jumanne, 4 Juni 2024
Mtoto wa Sabra kazaliwa saa nne asubuhi, hapa zahanati ya Kanga. Hakulia. Nikampulizia hewa, nikamsugua mgongo – wapi! Nikajua anakwenda. Mikono ikafanya yenyewe: kikombe cha maji, paji la uso, mara tatu. Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana... Kwa kunong'ona.

Bibi yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa kasimama mlangoni. Akauliza, wamfanyani? Nikasema namfuta damu.

Halafu akalia. Mtoto akalia! Baba yake, Mfaume, akaingia kumwadhinia sikioni. Mimi ndiye niliyemshika.

Jumatano, 5 Juni
Nimembatiza mtoto wa Kiislamu, mama yake hajui. Katekista alitufundisha: mtoto akiwa hatarini kufa, yeyote anaweza. Ila alitufundishia Ifakara, ambako kila mzazi angeshukuru. Hakusema lolote kuhusu mtoto akipona.

Dawa ya zambarau ya vidonda hutoka. Ubatizo hautoki.

Jumapili, 9 Juni
Kilindoni kwa pikipiki, kuungama. Padri kasema maji si dhambi, mtoto alikuwa anakufa. Dhambi ni ule uongo. Unajuta? Uongo, ndiyo.

Nikamuuliza: nikimwambia Sabra, nani tena wa Kanga atazalia mikononi mwangu? Watabaki majumbani, watakufa. Nisipomwambia, namdanganya kila akinisalimia. Padri akafikicha macho.

Akaniondolea dhambi. Mbona nimerudi nayo?

Jumatatu, 10 Juni
Akika. Nimeketishwa mbele kama shangazi! Wamemnyoa, wamemwita Hafidhi. Bi Mwanamkuu kanipakatisha. Tazama, muuguzi, mtoto huzaliwa msafi, hana dhambi hata chembe. Na mimi kichwa hichohicho nimekiosha dhambi ya asili.

Nimekula pilau nyingi mno. Kwa aibu tu.

Jumanne, 16 Julai
Kliniki. Hafidhi kilo tano! Wengine wote wameondoka, Sabra katangulia nyumbani, Bi Mwanamkuu kabaki na mtoto. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu.

Kasema siku ile aliona midomo yangu inacheza. Maji mara tatu, alihesabu. Alijua si damu. Ni ile dua yako, mwanangu, iliyomrudisha mjukuu wangu. Anaomba nimwandikie. Yeye husoma Kiarabu tu, lakini Mfaume atamsomea, waisome kwa mtoto kila magharibi.

Nikasema sawa, bibi, ningoje kidogo. Kwa nini nimesema sawa!

Nimeandika Nakubatiza. Nimechana. Nimetunga dua ya uongo. Nimechana. Karatasi ya tatu iko tupu, naandika humu ili mkono uonekane unaandika.

Namwona dirishani, kwenye benchi, Hafidhi begani. Anatabasamu. Anasema nisiharakishe, niiandike yote, nisiruke hata neno