Maji ya Udhu

Konde, Jumamosi, baada ya Isha

Na mimi ndiye niliyekuwa nikicheza mheshimiwa, mto nimejifunga tumboni. Kichekesho chetu cha skuli kilikuwa hivi: mwanakijiji anauliza maji yatatoka lini, mheshimiwa anashukuru kwa swali zuri, anasalimia wazee, anasalimia kina mama, mpaka inaadhiniwa Alasiri na mkutano unafungwa. Watu walicheka hadi machozi.

Leo mkutanoni jirani yangu Bi Asha kauliza swali lile lile. Mgeni wetu, mheshimiwa wa kweli, kashukuru, kasalimia, kasifu subira ya Wapemba. Ikaadhiniwa.

"Tutaendelea siku nyengine, inshallah," kasema, na watu wakampigia makofi. Makofi. Hakuna hata aliyetabasamu.

Nimeudhika mpaka sasa. Bi Asha na magoti yale bado anabeba ndoo kutoka kisimani.

Pale mkutanoni nikangoja mwisho ule wa kichekesho chetu. Kwenye mchezo, mheshimiwa huenda kutawadha akakuta bomba kavu, akabaki kashika kopo tupu. Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu.

Huyu wa leo kafungua gari, katoa maji ya chupa, katawadha vizuri. Yaliyobaki kayamwaga chini, mbele ya Bi Asha.